Shukrani kwa dereva wa bajaji wa Shangani, Mtwara

Napenda kumshukuru hadharani dereva wa bajaji, aliyeniomba nisimtaje jina, kwa aliyonitendea nilipoteguka goti tukicheza mpira jioni katika ufukwe wa Shangani. Goti lilikuwa limeumuka kama papai, na wenzangu, kwa nia njema kabisa, walikwisha kuagiza maji ya moto na mafuta ya kuchulia. Yeye aliwazuia kwa upole, akaeleza kwamba joto na kuchua katika siku za mwanzo huzidisha uvimbe, kisha akanunua barafu kwa wauza samaki, akaiponda, akaiviringisha ndani ya kanga aliyoazima kwa mama muuza mihogo ili isiguse ngozi, na kuishikilia gotini kwa dakika 20 huku akitazama saa ya simu yake. Akaninyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma, akanipeleka Hospitali ya Ligula na kusubiri hadi nilipopigwa picha. Nauli aliikataa. Kesho yake alileta magongo ya marehemu baba yake, akayapunguza kwa msumeno yanitoshe, jambo ambalo nadhani halikuwa jepesi kwake. Naziomba timu zetu za ufukweni ziweke bandeji ya kuvuta, na angalau mchezaji mmoja ajifunze kuifunga.