Dawa za Figo za Johari

Mombasa, 9 Machi

Shoga yangu Rukia,

Salaam sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili paka wangu Chaurembo akiwa amejilaza juu yake. Pole kwa habari za figo za paka wako Johari. Huko kumaliza bakuli la maji na kurowesha mchanga wote ndiko kulikoanza kwangu pia, nami nikadhani ni joto tu. Kumbe kreatinini, ile taka ya mwili inayochujwa na figo, ikishapanda kwenye damu, figo zimeshapoteza kama robo tatu ya nguvu zake.

Hicho kidonge cha kuponya figo ulichoniuliza hakipo, shoga. Kila dawa inashika jambo lake. Chaurembo alifungwa kimkanda mkiani akapimwa presha, ikasoma 185. Daktari akaandika amlodipini, dawa ya kushusha presha. Nikacheka, maana ndiyo hiyo hiyo ya mama! Ila kidonge cha miligramu 5 nakikata vipande vinane kwa wembe, na yeye anapata kimoja tu kwa siku. Siku za mwanzo vipande viliruka hadi chini ya kabati, vingine vikawa unga. Johari naye apimwe kwanza, usije ukamgawia za mumeo. Lakini usichelewe, presha ikiachwa paka hupofuka ghafla.

Mimi nilipokosea ni kwenye unga mweupe, aluminiamu haidroksaidi. Nilikuwa nikimnywesha usiku, tumbo tupu, nikijiona hodari. Kazi ya unga ule ni kuikamata fosforasi ya chakula, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, isiingie damuni. Sasa bila chakula ukamate nini? Wiki mbili zimekwenda bure. Siku hizi nauchanganya na chakula chenyewe. Dagaa nao basi tena, kwa ajili ya fosforasi ya ile mifupa, na hilo Chaurembo hajanisamehe.

Johari akikataa kula kabisa, muulize daktari habari za mirtazapini, dawa ya kuamsha hamu ya kula. Ni kipande kidogo, siku moja unampa, siku ya pili unaruka. Ikizidi atakuzungukia nyumba nzima akilia mpaka alfajiri. Na parasetamoli usithubutu kumpa hata chembe, inaua paka.

Nitumie karatasi ya vipimo niione kreatinini yake ni ngapi. Nikija Tanga baada ya Idi nitakuletea kile kijisanduku cha kukatia vidonge. Nimekinunua juzi, na vidole vyangu vimepona.

Wako,
Mwanaisha