Visa vya kuandika tumeketi navyo kiti kimoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu lalamiko ninalolisikia mara kwa mara kwa vijana wanaojifunza uandishi hapa Moshi, kwamba hawana cha kuandika. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, wapo wanaoniletea miswada yao ya riwaya niipitie, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili sekondari hadi nilipostaafu. Lugha yao si mbaya. Tatizo ni kwamba riwaya nyingi kati ya hizo zinatokea katika majumba ya kifahari ambayo mwandishi hajayakanyaga hata jikoni, na wahusika wanazungumza kama watu wa tamthilia za runinga zilizotafsiriwa kwa haraka. Nikiuliza mbona simwoni mtu hata mmoja wa mitaa yetu ya Pasua, Majengo au Kiboriloni, najibiwa kwamba maisha ya huku hayana kisa.

Siwalaumu sana, maana nami nimeugua ugonjwa huohuo. Kwa karibu miaka mitatu nilihangaika na hadithi fupi ya mzee aliyefiwa na mkewe. Nilimliza, nikamsimamisha kando ya kaburi pale kihambani, katika shamba la migomba la ukoo, nikamwandikia maombolezo ya kurasa mbili nzima, na kila nilipoisoma niliona ni mimi ninayelia, si yeye. Kisha siku moja nikapanda basi dogo la kwenda Arusha, safari ya kilomita zipatazo 80, na tulipofika Kwa Sadala akapanda mzee mmoja aliyepakata saa ya ukutani iliyofungwa kwa kanga, akaketi kando yangu.

Kondakta, kama kawaida yao, hakumwacha apumue. "Babu, na hiyo saa nayo inalipa nauli?"

"Ingekuwa inatembea," mzee akamjibu bila kumtazama, "nisingeipandisha gari."

Basi zima lilicheka, na ingeweza kuishia hapo. Tulipokwisha kuipita Boma Ng'ombe na wauza ndizi wake wanaokimbilia madirishani, nikamwamkia tena na kumuuliza kama saa imeharibika. Akasema naye alidhani hivyo, kwa sababu ilisimama siku chache baada ya kumzika mkewe, ila fundi aliyempelekea alimwambia haina ubovu wowote, inataka kutiwa ufunguo tu. "Mwalimu," akaniambia, maana nilikwisha kumweleza kazi yangu ya zamani, "saa hii imegonga ukutani kwangu miaka 41, sikujua kama kuna mtu anaitia ufunguo." Sasa alikuwa anakwenda Arusha kutafuta ufunguo mwingine, kwani ule wa marehemu hakujua alikuwa akiuweka wapi. Baada ya hapo akaniuliza kama mvua imenyesha upande wa Kikatiti, tukazungumzia mahindi mpaka niliposhuka Usa River.

Mzee yule hakudondosha hata chozi. Usiku ule nilizifuta zile kurasa mbili za maombolezo, na hadithi iliyonishinda kwa miaka mitatu nikaimaliza kwa siku nne. Sentensi ile singeitunga hata ningefungiwa chumbani na rimu nzima ya karatasi, na nisingeisikia kama ningekuwa nimeziba masikio kwa muziki wa simu, kama walivyokuwa wamefanya vijana watatu wa kiti cha nyuma, mmoja wao akiwa miongoni mwa wale wanaoniletea miswada.

Sisemi kila safari huleta saa ya mzee. Mara nyingi mtu hurudi na neno moja tu, kama lile nililolipata soko la Mbuyuni nilipotaja bei ya chini mno kwa mkungu wa ndizi za mshare na mama muuzaji akaniuliza kwa upole kama bei hiyo nimetoka nayo nyumbani. Neno moja linatosha, mradi liandikwe siku hiyohiyo, hata nyuma ya risiti, kwa sababu likilala usiku mmoja linaamka limekuwa la mwandishi.

Najua wapo watakaosema huku ni kuchuma shamba la mwenzio. Hoja hiyo ina uzito, na nimeifikiria sana kuliko ninavyoweza kuieleza hapa. Msimamo wangu ni kwamba maneno ya msafiri hayarekodiwi kwa siri, sura yake haipigwi picha, na kijiji chake hubadilishwa. Katika barua hii yenyewe, mahali alipopandia yule mzee sipo nilipopataja. Mtu akisema jambo kwa sauti ya kunong'ona ili lisisikiwe, hilo si la mwandishi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Utenge kona moja kwa wiki, maneno yasiyozidi 300, ambamo msomaji ataandika kisa cha mtu mmoja asiyemfahamu aliyekutana naye kwenye daladala, sokoni, kwenye foleni ya benki au katika treni, bila kumtaja jina. Ukikubali, vijana wangu watatu wa kiti cha nyuma nitawasimamia mwenyewe, na cha kwanza watakachokuletea nitahakikisha hakina jumba la kifahari.

Mwalimu mstaafu,
Moshi