Kwa ninyi mnaoandika hadithi za kutisha hapa Dodoma

Wajukuu zangu, mbukwenyi.

Nawaandikia hadharani kwa sababu Jumamosi ile pale Nyerere Square mlinizidi kelele. Mlikuwa kumi na kitu, kila mtu na simu yake, na mimi sauti yangu siku hizi haishindani na bodaboda. Mlitaka jibu moja: yule dairekta wa kutoka Dar auziwe hadithi yenu ya bibi wa mbuyuni aifanye filamu, au asiuziwe? Nikasema "subirini kwanza", mkadhani nimekataa, wawili wakanuna. Sikukataa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nianze na hadithi zenu. Nazisoma, hata zile mnazodhani wazee hatuzipati. Mnazituma kipande kipande, "sehemu ya tisa", "itaendelea", mtu anatuma elfu moja ndipo anapewa zilizobaki. Si jambo jipya. Sisi tulifanya hivyohivyo kwenye gazeti la kila wiki, ila hiyo elfu moja ilikuwa ya mwenye gazeti. Kinachonisumbua ni kwamba mmeanza kuandika kamera. "Kamera inasogea mlangoni." "Giza, halafu ghafla mwanga." Binti mmoja kati yenu, mwenye kipaji kuwazidi wote (anajijua), ameandika kwamba jini lilitokea "kama kwenye muvi". Muvi ipi, mwanangu? Msomaji aliyelala Kibaigwa na simu yenye chaji asilimia sita hana muvi hapo kitandani. Ana wewe tu.

Msije mkasema bibi anachukia sinema. Nilikuwa na miaka kama minane gari la sinema lilipofika kijijini kwetu. Wakafunga shuka jeupe kwenye miti miwili karibu na lambo, jenereta likaanza kuunguruma, watu wakatokea kwenye shuka. Filamu yenyewe ilikuwa ya kufundisha watu kuchemsha maji ya kunywa, haikuwa na cha kutisha hata kidogo. Lakini mtu mmoja pale alitembea, akafika ukingoni mwa shuka, akapotea. Watoto tukazunguka nyuma kumtafuta. Tukakuta mbuzi amefungwa, anatafuna. Usiku ule sikulala. Sikuogopa nilichokiona, niliogopa alikokwenda yule mtu.

Baadaye vikaja vibanda vya video pale Majengo, benchi za mbao, joto, kijana ameshika kipaza sauti anautafsiri mkanda wa Kichina ambao naamini hakuelewa hata neno. Stelingi alipewa maneno ambayo mamake hakuwahi kumfundisha. Mimi nilikwenda kumsikiliza yule kijana zaidi ya kuangalia mkanda, maana alikuwa na ujuzi mmoja: pakifika pa hatari, ananyamaza. Kibanda kizima kinanyamaza naye, unasikia hata mtu anavyomeza mate. Nilimwiba pale. Hadithi zangu zote za gazetini zimejengwa kwa kunyamaza kwa yule kijana.

Sasa mnamtaja sana Stephen King, yule Mmarekani anayeandika hadithi za kutisha, kwamba yeye ameuza hadithi zake zikawa filamu na ametajirika. Ni kweli, lakini mnasimulia nusu. Alikuwa mwalimu wa sekondari anayeishi kwenye nyumba ya trela huko Maine, akaandika kurasa chache za Carrie, akazitupa kwenye pipa la taka. Mkewe Tabitha akaziokota. Kitabu kikatoka 1974, filamu ya Brian De Palma ikatoka 1976, na filamu ndiyo iliyolifikisha jina lake kwa watu wasiosoma vitabu. Hapo sinema ilimbeba.

Halafu ikaja The Shining. Kitabu ni cha 1977, filamu ya Stanley Kubrick ni ya 1980, na dunia nzima inaiita filamu kubwa. King haipendi hadi leo. Mnajua kwa nini? Katika kitabu, yule baba anayelinda hoteli wakati wa baridi ni mtu anayempenda mwanawe na anapigana na pombe, anashindwa polepole, na mwishoni kuna chembe ya ubaba inayobaki ndani yake kabla boila haijalipuka na hoteli kuteketea. King alikuwa mlevi wakati ule, alijiandika mwenyewe. Katika filamu, Jack Nicholson, aliyeigiza baba huyo, anaonekana kichaa tangu anapohojiwa kazi, na anakufa ameganda kwenye theluji. Kwa King hilo lilikuwa jambo la moyoni kabisa. Alichukua mtu akamfanya ashindwe, na filamu ikachukua aliyekwisha kushindwa.

Akakasirika kwa miaka, na mwaka 1997 akaandika mwenyewe skripti ya televisheni iliyofuata kitabu chake. Ikatoka. Waulizeni watu hadithi ile ina sura gani, watawaambia ni uso wa Nicholson kwenye mlango uliopasuliwa kwa shoka. Uso ukishakaa, umekaa. Na kabla ya hapo, mwaka 1986, alijaribu kuongoza filamu mwenyewe, ya malori yanayoua watu, akaja kukiri kwamba wakati ule dawa za kulevya zilikuwa zimemzidi na hakujua anachokifanya. Basi anayewaambia dawa ni mwandishi kushika kamera mwenyewe, mwonyesheni malori yale.

Lakini yupo Frank Darabont. Huyu alikuwa kijana asiye na jina alipopewa ruhusa ya kutengeneza filamu fupi kwa hadithi moja ya King, kwa dola moja. Ndiyo, dola moja. King alikuwa na utaratibu huo kwa wanafunzi wa filamu: chukua hadithi fupi kwa dola moja, usiifanyie biashara, niletee nakala niione. Kijana yule ndiye aliyekuja kutengeneza, kwa hadithi za King pia, The Shawshank Redemption mwaka 1994, na The Green Mile mwaka 1999. Mwaka 2007 akatengeneza The Mist na kuubadilisha mwisho kabisa, akaufanya mkatili kuliko wa kitabu, na King akausifu. Kwa hiyo kubadilisha hadithi peke yake si dhambi. Hapa Dodoma mna wanafunzi wa chuo kikuu wanaohangaika na simu na taa za kuazima. Hadithi zenu fupi za kurasa tatu nne wapeni hao, kwa bei ya soda, kwa maandishi. Ile ndefu subirini.

Sasa nifike kwangu, na hapa mnivumilie.

Kulikuwa na hadithi yangu iliyotoka gazetini kwa majuma kumi na tatu. Ni mwaka wa njaa, kijiji cha Ugogoni, uwele umekauka shambani, watu wanahama kufuata chakula. Nyumba ya mwisho, tembe, imeachwa tupu. Usiku kinu kinatwanga mle ndani. Tu, tu, tu. Hakuna mwenye punje kijiji kizima. Kwa majuma kumi na tatu wanakijiji wanajiuliza kitu kimoja: kinatwangwa nini? Hakuna aliyeingia. Nilihakikisha haingii mtu. Juma la mwisho mtoto anapita asubuhi, anaona vumbi jeupe limemwagika kizingitini, analamba kidole, na hadithi inaishia pale. Nilipokea barua kutoka Singida mpaka Kilosa, watu wananitukana.

Akatokea mtu wa filamu. Akanipa laki moja na nusu mkononi, tukapeana mikono, hatukuandika hata kwenye karatasi ya sigara. Walipiga picha kwa siku nne nje ya Dar es Salaam, na ukiuangalia mkanda vizuri utaona kijiji cha Ugogoni kina minazi. Hilo nililicheka, nalicheka hadi leo. La pili sikulicheka. Kamera iliingia ndani ya tembe. Na kwa kuwa imeingia ilibidi ikute kitu, basi ikamkuta bibi kizee, kaniki begani, macho mekundu, anatwanga.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa ya kiufundi tu. King ana kitabu kuhusu mambo ya kutisha, cha 1981, anaeleza habari ya mlango uliofungwa: ukiufungua na nyuma yake kuna mdudu wa futi 10, watazamaji wanapiga kelele, kisha wanashusha pumzi, kwa sababu walikuwa wamejiandalia mdudu wa futi 100. Bibi yule wa kwenye mkanda alikuwa hata futi tano hafiki. Watu walicheka vibandani. Nikasema basi, imekufa, itasahaulika.

Jirani yangu mmoja wakati ule alikuwa mjane. Amepika kwa kuni na samadi ya ng'ombe miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu yeyote aliyepika hivyo. Watoto wa mtaani waliuona mkanda. Wakaanza kumwita kwa jina la yule bibi wa kwenye filamu, bombani, akiwa na ndoo yake kwenye foleni. Mwanzoni akawa anawafukuza kwa kanga, anacheka. Halafu mama zao wakawa wanasogeza ndoo zao mbali na yake. Akaona aibu, akaacha kwenda mchana. Akawa anachota maji usiku. Na mwanamke mzee anayetembea peke yake usiku na ndoo, mnajua nchi hii inamwitaje.

Hakuna aliyemgusa, nashukuru. Mwanawe alikuja kumchukua, akamhamishia Manyoni. Lakini mimi nilikuwa nasoma magazeti kama ninyi, nilijua vikongwe wa macho mekundu walivyokuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi huko Shinyanga na Tabora. Ile hadithi ni yangu, jina langu lilikuwa kwenye kava la mkanda, dogo, chini, limekosewa herufi. Mimi nilikuwa nimeacha nyumba tupu kwa makusudi. Aliyekuja baada yangu akatafuta wa kumweka ndani, akamchukua aliye rahisi kupatikana, na aliye rahisi kupatikana huwa ni bibi.

Kwa hiyo nikisoma ya kwenu ya bibi wa mbuyuni, sioni mahali mnapomwonyesha, na nawapongeza, mmeandika vizuri, kivuli tu na harufu ya moshi. Lakini nguo mmemvisha ya kike na umri mmempa. Dairekta hatahitaji kufikiri.

Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi, mengine mkamuulize wakili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kuzikwa, lakini aliyepeana mikono tu hana karatasi ya kuonyesha walichokubaliana. Msiuze hadithi. Uzeni ruhusa ya kuifanya filamu moja, kwa miaka kadhaa, asipoifanya irudi kwenu. Kitabu kibaki kwenu, na tamthilia na redio vibaki kwenu. Andikeni kwamba mtaisoma skripti kabla kamera haijawashwa, na kwamba akipotoka sana mna haki ya kuliondoa jina lenu. King aliwahi kwenda mahakamani Marekani ili jina lake litolewe kwenye filamu iliyotoka mwaka 1992, na akashinda, na yule alikuwa na mawakili. Kisha ongezeni mstari mmoja ambao hakuna wakili atakayewaandikia: kilichopo mbuyuni hakionyeshwi uso. Atasema mnaua biashara. Mwambieni habari za Spielberg, dairekta wa filamu ya Jaws: papa wake wa mashine aliharibika kwenye maji ya chumvi, ikabidi amfiche sehemu kubwa ya filamu, na mwaka 1975 watu wakaogopa kwenda kuoga baharini. Tena kuficha ni rahisi kuliko kununua vipodozi.

Niwape na habari nyingine kabla hamjaisikia mtaani. Siku tatu baada ya kikao chetu huyo dairekta wenu alinifuata nyumbani. Kijana mwenye adabu, alipiga hodi, akanisalimia shikamoo mara mbili, akaniletea sukari kilo mbili. Alinikuta jikoni, moshi umenizidi, machozi yananitoka. Akanitazama kwa muda. Akasema kwenye filamu ya bibi wa mbuyuni kuna nafasi yangu, siku mbili tu za kazi, na kwamba mimi sitahitaji hata kupakwa rangi.

Nikamwambia nitakuja, nauli nitajilipia mwenyewe, ila kwanza aniletee skripti, nione huyo bibi amefanya nini hasa. Akasema ataituma kwenye simu jioni ile ile.

Leo ni wiki ya tatu.

Bibi yenu, Dodoma