Kistari kimoja, mihuri miwili

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji anayetulaumu sisi wachapaji wa Nasser Road kwamba tunaharibu Kiingereza kwenye kadi za harusi na mabango, hata vistari, ile alama (-) ya katikati ya neno, hatujui kuviweka. Mengine nayakubali. Msimu wa kampeni bango hupita mikononi mwa watu wanne na asiwepo hata mmoja aliyelisoma. Lakini kwa habari ya vistari, aje akalie kiti changu siku moja tu.

Mwezi uliopita chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniletea kazi: vitabu 40 vya risiti, bango na muhuri. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa karani wa ghala la kahawa zamani, alitaka "Co-operative", na dashi yake. "Mwanangu, ndivyo tulivyofundishwa." Katibu, binti aliyetoka chuo juzi, akasema, "Mzee, siku hizi ni neno moja." Wakabishana mbele ya kompyuta yangu hadi chai ikapoa. Mzee akashinda, maana ndiye aliyeshika pesa. Siku ya tatu hao wamerudi: benki imekataa muhuri, kwani jina kwenye cheti cha usajili halina kistari. Nikatengeneza mwingine. Vitabu vya risiti tukaviacha vilivyo, na nusu ya hasara ya muhuri nikaibeba mimi.

Kati ya wale wawili, nani hajui Kiingereza? Wenye lugha yao wenyewe hawajapatana. Neno hilohilo, jarida la The New Yorker kule Marekani huliandika kama neno moja, halafu huweka vidoti viwili juu ya o ya pili. Mzee angeona vile angesema printa yangu imemwaga wino. Mwaka 2007 kamusi ya Shorter Oxford iliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000: "ice-cream" ikawa maneno mawili, "bumble-bee" likawa moja. Shirika la habari la Associated Press liliandika "e-mail" kwa kistari mpaka 2011, kisha likakitupa. Na walimu wetu wanaokata alama za mtoto kwa kuandika "organize", eti ni Kimarekani, waangalie kamusi za Oxford walizonazo kabatini: zinatanguliza "organize" yenye z, kabla ya "organise".

Sisemi kistari hakina kazi. Kocha mmoja aliniletea barua ya kumwomba mchezaji wake asaini mkataba tena, "re-sign". Kijana wangu akaliunganisha neno, na barua ikawa inamtaka mchezaji ajiuzulu. Bahati niliiona kabla haijaingia mashineni. Kwa kosa kama hilo nigombezwe, hata nisilipwe. Ila mtu anayenicheka kwa "email" isiyo na kistari, huyo ananionea.

Siku hizi jina la chama au kampuni silipokei kwa mdomo. Nataka cheti, nanakili herufi kwa herufi, na mteja anatia sahihi kwenye nakala ya majaribio. Maneno mengine namwachia achague mwenyewe, mradi akichagua kistari ukurasa wa kwanza nikikute na wa mwisho.

Nawe Mhariri, usinicheke. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930, Uganda ikiwemo, na ikawahi kuwa na makao hapo Makerere, kilima cha jirani. Lakini toleo lako la Jumanne, ukurasa wa 2 mmeandika "mbalimbali" na ukurasa wa 5 "mbali mbali". Nina mteja anayesubiri kalenda ya Kiswahili, nakala 300, na neno hilo liko juu kabisa kwa herufi kubwa. Niandike lipi?

Mpanga kurasa,
Nasser Road, Kampala