Mdogo wangu, Mama alikuwa mwalimu wa UPE

Mdogo wangu,

Najua wasifu wa Mama uliosomwa kwenye mazishi umeusikiliza, maana Kaka aliurekodi wote akaurusha kwenye kundi la familia. Ulijibu neno moja tu: "Sawa." Nakufahamu. Hiyo sawa haikuwa sawa.

Hata mimi niliyekaa benchi la mbele nilingoja sentensi ambayo haikuja. Alizaliwa Lushoto, akasoma hadi darasa la saba, "akapata mafunzo ya ualimu", akafundisha, akastaafu, ameacha watoto na wajukuu. Hapo kwenye mafunzo ndipo waliporuka. Waliona aibu kutaja UPE, yaani Universal Primary Education, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mbele ya mchungaji na wageni wa kutoka wilayani.

Wewe ulizaliwa nyuma, pengine hukusimuliwa vizuri. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba ikifika mwisho wa 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuwepo, walimu hawakutosha, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda ule. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba, wakafundishwa hukohuko vijijini: saa chache na walimu wazoefu, masomo mengine kwa posta na kwa redio, na huku wameshakabidhiwa darasa. Mama alikuwa mmoja wao, binti ambaye baadhi ya wanafunzi wake walimzidi kimo.

Watu nao hawakosi la kusema, wakazigeuza zile herufi: Ualimu Pasipo Elimu. Mama aliusikia utani huo sokoni, akausikia pia ofisini kwa wenzake waliopitia chuo. Nadhani ndio uliomfanya awe vile tulivyomjua. Hakulala bila andalio la somo, hata la somo alilolifundisha mwaka jana na juzi. Kandili pembeni, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele, na ole wako umsemeshe.

Vile vizibo vya soda unavikumbuka? Aliviomba madukani, akavitoboa kwa msumari na kuvitunga kumikumi kwenye kamba ya katani. Mtoto aliyeshindwa kukopa kumi kwenye hesabu za kutoa alipewa kamba, aifungue mwenyewe, vizibo vimwagike mezani, aone kumi moja imekuwa mamoja kumi. Baada ya vita vya Kagera, chaki ilipoadimika, aliandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Nyumbani tulikula ugali wa njano, unga wa Yanga, na Baba, Simba wa damu, hakuumeza bila kulalamika.

Jioni kulikuwa na kisomo cha watu wazima. Yule bibi jirani alizoea kuweka dole gumba kila alipopokea malipo ya majani ya chai. Siku alipoandika jina lake mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka kama njia ya kwenda Bumbuli, alimletea Mama kikapu cha matunda damu. Tuliyala mpaka matumbo yakauma. Hilo nalo halikusomwa kanisani.

Sikatai kwamba ubora ulishuka. Madarasa yalifurika, vitabu haba, na wapo walimu wa UPE waliofundisha makosa kwa sauti kubwa. Na Mama alichapa, tusimfanye malaika. Lakini lawama ya haraka ile iwaendee walioipanga, si binti aliyeambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu anaingia darasani. Wale waliocheka herufi zile, wengi wao watoto wao walijifunza kusoma kwa hao hao waliowacheka.

Nimeongea na Kaka. Kwenye ibada ya arobaini tutasoma wasifu mwingine, na UPE itatajwa kwa herufi zake zote. Alinung'unika kidogo, kisha akasema niandike mimi, yeye atausoma. Tatizo ni kwamba mimi sikuwahi kukaa darasani kwa Mama. Alikataa kunifundisha, akisema nitadeka. Wewe ulimkuta darasa la nne. Niandikie alivyokuwa akiingia asubuhi, alianza na nini, na mlimwita Mwalimu au mlijisahau mkamwita Mama. Kaka anataka karatasi ziende kuchapwa wiki ijayo, kwa hiyo usichelewe.

Dada yako