Zuhura, usiutume kwanza

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kwako, kwa mama Salma na kwa watoto wote. Huku hatujambo, ni joto tu na maji ya kuotea. Nilitaka kukuandikia tangu arobaini ya shangazi, nikawa naahirisha. Sasa ule ujumbe wako wa sauti umeninyima usingizi, kwa hiyo niwie radhi, salamu nyingine utanidai.

Usiutume. Ule waraka ulionisomea, unaomtaja yule mheshimiwa kuwa ndiye mwenye machimbo ya kokoto, usiuweke kwenye kundi la kijiji, wala usimpe yule kijana wa redio. Sisemi ni uongo. Pengine ni kweli tupu. Lakini nikiuliza umejuaje, ninapata gari lake lilionekana getini, na maneno ya Kiduku. Na Kiduku unamjua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na atakayeitwa kituoni si mwenye kokoto, ni wewe, mwalimu wa serikali, na mumeo yuko Songea. Baruti zitaendelea kulia na nyufa za nyumba ya mzee Shomari zitabaki palepale.

Unaniambia nikutafutie "mwenye mali." Hapo ndipo tunapoezeka nyumba ambayo haina ukuta. Anza na namba, jina litakuja lenyewe. Machimbo yoyote halali, hata ya kokoto, yana leseni ya madini. Tume ya Madini ina ramani ya leseni kwenye mtandao, mtu yeyote anaifungua. Unaisogeza mpaka usawa wa kijiji, unabonyeza kile kipande, inakutolea namba, aina ya leseni, jina la mwenye nayo na tarehe zake. Nimekufanyia hilo tayari. Na hapa ndipo nilipokaa kitako, Zuhura: jina lililoko kwenye leseni silo lililoandikwa kwenye malori.

Tena leseni yenyewe ni ile ndogo. Kwa Sheria ya Madini ya 2010 leseni ndogo ni ya Mtanzania, au kampuni ya Watanzania watupu. Sasa hao wenye malori na mtambo wa kusaga mawe ni akina nani? Wamekodi? Wamenunua mzigo tu? Wana mkataba gani na mwenye leseni, na Tume inaujua? Hayo ni maswali manne, hakuna tusi hata moja ndani yake, na hakuna atakayekushtaki kwa kuyauliza. Mimi yananitisha kuliko waraka wako mzima.

Hatua ya pili ni BRELA, wale wanaosajili kampuni na biashara. Wengi hudhani faili la kampuni ni siri ya wenyewe. Si siri, unalipia ada unapewa taarifa: wakurugenzi, wenye hisa na kila mmoja ana ngapi, anuani, lini waliwasilisha mizania ya mwaka. Usisome majina peke yake. Soma sanduku la posta, kiwanja na mtaa, maana kampuni mbili zinazojifanya hazijuani mara nyingi hupanga chumba kimoja. Nimeshaomba ya hiyo kampuni ya malori, nikaambiwa mtandao uko chini, njoo kesho. Unajua kesho za ofisi zetu.

Ila usitegemee faili likupe kila kitu. Tangu 2020 kampuni zinatakiwa kuwataja BRELA wamiliki manufaa wao, yaani binadamu halisi anayekula faida nyuma ya pazia, lakini daftari hilo mimi na wewe hatufunguliwi. Ikitokea mwenye hisa ni kampuni ya Uingereza tumepona. Wao wamefungua masjala yao bure tangu 2015, na kuanzia 2016 kila anayeshika zaidi ya asilimia 25 anatakiwa kuandikwa jina lake. Ikiwa ni ya Morisi, jiandae kupapasa gizani.

Unakumbuka sakata la makinikia, ule mchanga wa dhahabu, 2017? Nchi nzima ilikuwa inaulizana Acacia, hao wa migodi ya dhahabu, ni nani. Kamati ya Profesa Osoro, iliyoundwa na Rais kuchunguza, ikasema kampuni hiyo haijasajiliwa BRELA, watu wakapigwa na butwaa. Kumbe zilizosajiliwa huku ni Bulyanhulu, North Mara na Pangea, kila mgodi na kampuni yake, na Acacia imekaa London imeshika hisa. Ripoti zake za mwaka zilikuwa wazi kwa yeyote kwa sababu ilikuwa kwenye soko la hisa la kule, zikionyesha mpaka kwamba kampuni mama, Barrick, ina karibu asilimia 64. Sisi tulikuwa tunatafuta jina la mama kwenye daftari la watoto. Ndiyo maana nakwambia, jina lililoko kwenye lori si jibu, ni mlango wa kwanza.

Na ile chenji ya rada, unajua BAE, kampuni ya Uingereza iliyotuuzia rada hiyo, walitiwa hatiani kwa kosa gani Uingereza, Desemba 2010? Hawakuhukumiwa kwa rushwa. Kosa walilokiri ni kutotunza vitabu vya hesabu ipasavyo. Paundi milioni 29.5 zikarudi Tanzania, watoto wakapata vitabu na madawati. Kwa hiyo usiyadharau makaratasi, hata yanayokosekana yana kesi ndani yake.

Mambo mengine yako hapo hapo kwenu, wala huhitaji mimi wa mjini. Halmashauri inatoza ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo iliyopangwa ya mauzo ya kampuni. Muulize diwani wamelipa kiasi gani. Ukijua ushuru unajua mauzo, ukijua mauzo unahesabu malori, halafu uone kama hesabu zinasalimiana. Ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutoka kila Aprili, itazame halmashauri yenu inasemwaje. Kama tathmini ya mazingira ilifanyika, mwisho wa ripoti huwa kuna orodha ya wanakijiji walioshirikishwa, na saini zao. Itake. Andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma ina siku 30 kukujibu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, nenda na shahidi. Si Kiduku.

Halafu muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia wale watu waingie. Huo ndio ninaoutaka kuliko vyote. Nani alikuwa mwenyekiti mwaka ule? Mjomba wako, sivyo? Basi, hilo tutaongea uso kwa uso.

Karibu nisahau: hukumu za mahakama zimewekwa bure kwenye TanzLII. Niliandika jina la kampuni ya malori, ikatokea kesi ya wafanyakazi walioachishwa. Kule wenyewe wamekiri, mbele ya jaji, nani huwalipa mishahara watu wa machimbo. Sikutajii hapa. Nisingependa barua hii isomwe na mtu kabla yako.

Sasa unisaidie na wewe. Kile kibao cha getini, kina namba ya leseni au jina tu? Malori yana namba zipi, na mlangoni yameandikwaje, neno kwa neno, hata kama wamekosea herufi? Mtendaji bado ni yule yule? Mzee Shomari anakumbuka nyufa zilianza mwezi gani, au tumtafutie mtu wa kumwandikia kila baruti ilipopigwa, saa na tarehe? Ukiomba muhtasari, mjomba atanuna tu au atafika mbali? Salma kapangiwa shule gani? Na wewe mwenyewe, ukiambiwa uhamishwe, una pa kukimbilia, au ndiyo nianze kukutafutia chumba Mbagala?

Nijibu kabla hujafanya lolote, hata kwa kubip.

Wako,
Rehema