Mguu wa Kushoto

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Najua habari zimekufikia kabla ya barua hii: nimejiandikisha kwenye mashindano ya kuruka vikwazo kwa farasi. Kabla hujanipigia simu kunigombeza, nisome hadi mwisho.

Nyonga iliyovunjika imeunga na daktari ameniruhusu. Kinachogoma ni mguu wa kushoto. Farasi akienda mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, nauhisi upo. Akianza shoti, yaani mbio, goti linalegea, kisigino kinapanda, rikabu, kile kikanyagio cha mguu, inateleza hadi vidoleni. Naye ananijua. Nikimbana kwa mguu wa kulia na kushoto kukawa kimya, anageuza sikio moja nyuma na kupunguza mwendo, anangoja nimweleze vizuri.

Watu wananipa moyo kwa kunisimulia mpanda farasi Mwingereza Nick Skelton, aliyevunjika shingo mwaka 2000, akastaafu, akarudi, na mwaka 2016 akatwaa dhahabu ya Olimpiki huko Rio akiwa na miaka 58. Nampenda mzee yule, ila kila anayenisimulia anairuka ile miaka ya katikati. Mimi namfikiria zaidi Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944, na kuanzia magotini kwenda chini miguu yake haikupona tena. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Hata hivyo, mwaka 1952 huko Helsinki alipata medali ya fedha katika mchezo wa madaha ya farasi (dressage), ambao mguu ndio ulimi wa mpandaji. Yeye alizungumza na farasi kwa mgongo na uzito wa mwili.

Basi na mimi nimeacha kuusubiri mguu wa zamani. Tukikaribia kona ya kushoto nageuza bega mapema, nauegemeza uzito upande huo, naye anakata kona. Si kila mara. Siku nyingine ananipeleka moja kwa moja hadi kwenye uzio, na kocha anajifanya hajaona.

Hofu ninayo, usiniulize sana. Nimechagua daraja la chini, vikwazo vya sentimita 80. Nitashindana na watoto, na wengine watanishinda. Kuangusha mti wa kikwazo ni pointi 4 za adhabu, hizo nitazibeba. Kuanguka mimi ndiyo mwisho wa safari, na mama atakuwa jukwaani.

Ombi langu: ukija, usikae naye. Simama upande wa kushoto wa kikwazo cha mwisho, unirekodi video. Sura yangu iache, nataka kukiona kisigino.

Akupendaye,
Shoga yako